Nembo ya Baba, Ukoo wa Mama

Sketi ilikuwa juu ya fungu, ndiyo maana bibi aliiona kabla yangu. Sufu nzito, marinda yaliyoshonwa na fundi aliyeijua kazi yake, drafti za kijani na buluu iliyokolea karibu na weusi, na juu yake mstari mwembamba wa njano ukikatiza huku na huku. Nguo ya nchi ya baridi, imetua kwenye mnada wa Ndanda chini ya mlima wa Makonde, msimu ambao jua huchoma hata chini ya mwembe. Kijana wa mitumba ndiyo kwanza alikuwa amekata belo. Bibi alishika pindo kwa vidole viwili, akalisugua kama mtu anayepima unga, kisha akanigeukia mimi niliyesimama karibu naye na ming'oko, ile mizizi ya porini, mkononi.

"Mjukuu wangu, hii ya watu gani?"

Hakuuliza bei. Wala hakuuliza imetoka wapi, maana kila mtu mnadani anajua mitumba hutoka Ulaya. Aliuliza ya watu gani, na alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Mashavuni mwake kulikuwa na pembe zilizopangwa moja ndani ya nyingine, paji la uso lina mistari iliyonyooka, na mdomo wa juu una kovu la tundu la ndona, kile kipini cha mdomo, lililoziba zamani. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda, akavuka na ndugu zake wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964. Alipovuka uso wake ulikuwa umeshachanjwa. Yeyote aliyeijua lugha ya chale, akimwona njiani, alijua ametoka kwa watu gani kabla hajafungua kinywa.

"Ya Waskoti, bibi."

"Waskoti wote, au ukoo mmoja?"

"Ukoo, bibi. Ukoo wa Gordon."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi ndiye sikuridhika. Jina nililompa lilikuwa sahihi, lakini ni mwanzo tu wa jibu, na sura hii ni sehemu niliyobaki nayo mdomoni siku ile.

Kijani kile na buluu ile vilianza kama nguo ya askari. Serikali ya Uingereza ilikuwa na kikosi kilichoundwa kutoka kwa Waskoti wa milimani, kikaitwa Black Watch kwa sababu ya weusi wa nguo zake, na tartani yake, yaani mchoro wa drafti zake, haikuwa ya ukoo wowote. Mwaka 1793, Uingereza ikiwa imeingia vitani na Ufaransa, mtawala wa nyumba ya Gordon alikuwa akikusanya askari wake mwenyewe. Mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Huntly, William Forsyth, akamwandikia. Alituma vipande vitatu vya mfano vya nguo ileile ya Black Watch iliyoongezewa mstari wa njano: kimoja kina mstari mmoja, kingine miwili, kingine mitatu. Bwana Gordon akachagua wa mstari mmoja. Basi. Hiyo ndiyo asili ya tartani ya Gordon, nayo imeandikwa kwenye barua ya muuza nguo kwa mteja wake.

Anayefikiri kwamba drafti hizi zilishuka kutoka kwa mababu wa zama za giza, kila ukoo na yake, huvunjika moyo akisikia habari hii. Mimi ilinifurahisha, na nitaeleza kwa nini. Kwanza tuitazame nguo yenyewe.

Mwanamke wa kwetu anayesuka ukili wa mkeka kwa ukindu wa rangi ataielewa tartani haraka kuliko profesa. Kazi yote ni hesabu. Mfumi hutandika nyuzi za mtande kwa idadi maalumu: kijani nyuzi kadhaa, nyeusi kadhaa, buluu kadhaa, njano chache. Akifika mwisho wa hesabu anageuka na kurudi kinyumenyume hadi alipoanzia, kisha anakwenda tena. Mshindio nao hufuata hesabu ileile. Kila uzi hupita juu ya mbili na chini ya mbili, na kila safu husogea hatua moja, ndiyo maana ukiisogeza nguo karibu na jicho unaona mshazari. Rangi ikikutana na yenyewe inang'aa. Ikikutana na nyingine huzaa rangi ya tatu ambayo hakuna mtu aliyeitia kwenye chungu. Nguo ya rangi 2 humpa mtazamaji rangi 3. Nguo ya rangi 6 humpa 21. Kwa hiyo tofauti ya tartani mbili inaweza kuwa nyuzi chache tu za njano, kama alivyoona Forsyth.

Ufumaji wa namna hiyo ni wa kale kweli. Huko Falkirk kilipatikana kipande cha drafti cha karne ya 3, kimeziba mdomo wa chungu chenye sarafu za Kirumi. Rangi zake mbili ni za sufu jinsi ilivyotoka kwa kondoo. Kwenye bwawa la mboji la Glen Affric kilipatikana kingine, kikapimwa na kuonekana ni cha kati ya mwaka 1500 na 1600, nacho kilikuwa na rangi kadhaa za kutiwa. Hivyo nguo ni ya kale. Kilicho kipya ni ndoa yake na jina la ukoo. Martin Martin, mwenyeji wa visiwa vya magharibi aliyechapisha habari za nchi yake mwaka 1703, alisema michoro hutofautiana kisiwa kwa kisiwa na bonde kwa bonde, kiasi kwamba mtu mjuzi akikuona anaweza kukisia unakotoka. Alisema mahali. Hakutaja ukoo. Mfumi wa bonde fulani alikuwa na mimea fulani ya kutilia rangi na mkono uliozoea hesabu fulani, na majirani zake wote walivaa kazi yake.

Uwanjani Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, Waskoti wa milimani walipokufa kwa mamia wakimpigania mwana wa ufalme wa Stuart, hawakutambuana kwa tartani. Waliomfuata mwana mfalme walibandika utepe mweupe kofiani. Mchoro maarufu wa David Morier wa vita hivyo unaonyesha wapiganaji wachache tu, na mtu mmoja amevaa drafti za namna mbili tatu kwa pamoja. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza likapiga marufuku mavazi ya milimani kwa wanaume na wavulana, isipokuwa askari wa mfalme. Kosa la kwanza kifungo cha miezi 6, la pili kupelekwa ng'ambo miaka 7. Sheria hiyo ilidumu hadi 1782. Miaka 36 inatosha mtoto kuzaliwa, kukua na kupata watoto wake bila kumwona baba yake na nguo ya bonde lao, na wazee waliokumbuka hesabu kufa nazo.

Hapo ndipo nataka kumleta mtu ambaye huku kwetu tunamjua kwa mambo mengine.

David Livingstone alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, kijiji cha kiwanda cha pamba, na utotoni alifanya kazi kiwandani humo. Mwenyewe aliandika kwamba baba wa babu yake alianguka Culloden. Machi 1866 alishuka Mikindani na ngamia, nyati na askari wa Kihindi, akaanza kufuata bonde la Ruvuma kwenda bara. Kichaka cha ukingo wa nyanda za Makonde kilikuwa kizito mno kwa ngamia, akawaajiri Wamakonde wamkatie njia kwa mashoka, naye akawalipa kwa kitambaa. Leo ukisimama Newala pale Shimo la Mungu, ardhi inapokatika ghafla na bonde kufunguka chini yako hadi Msumbiji, unatazama nchi aliyoipita.

Aliwatazama watu waliomkatia njia, akaandika alichokiona miilini mwao. Mistari ya mawimbi, miti, bustani zilizozungushiwa ua. Ilimkumbusha michoro ya Misri ya kale. Wamakua, akasema, hujulikana kwa mwezi mchanga au mwezi uliokaribia kujaa, uliochorwa kwenye paji la uso au kwingineko. Chanjo husuguliwa mkaa, na rangi hubaki. Mtoto wa kiume huchukua nembo ya baba yake, na kwa njia hiyo nembo imedumu kizazi hata kizazi, ingawa maana yake inaelekea imesahaulika. Alipowauliza wenyewe maana yake, walimjibu ni pambo tu.

Nimelirudia fungu hilo la shajara yake mara nyingi. Huyu ni mjukuu wa watu walionyang'anywa nguo kwa sheria, ameketi chini ya mlima wa Makonde, anajaribu kusoma tartani iliyoandikwa kwenye ngozi. Neno lenyewe aliliandika "tembo", na jinsi alivyosikia si mbali na ukweli: ni nembo, ambalo Wamakonde wa ng'ambo hulisema dinembo wakitaja nyingi. Ni neno lilelile tulilonalo kwenye Nembo ya Taifa, ile ya mwenge, ngao na pembe za ndovu, mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Kilimanjaro. Serikali ilipotafuta jina la alama yake ilichukua neno lililokuwa la chale. Wengi tunaoigonga muhuri kila siku hatujui kwamba tunataja ngozi iliyochanjwa.

Kazi ya nembo kwa Wamakonde ilikuwa ya fundi, mpundi, ambaye watu walimfuata kwa jina lake kama wanavyomfuata leo mshona nguo. Chombo chake ni kisu kidogo, chipopo. Alikata, akasugua masizi ya mbarika, jeraha likapona likiwa na buluu iliyokolea. Mara nyingine alirudia kazi hiyohiyo baadaye ili mistari iinuke na rangi ikolee. Pembe zilizopangana, zile za mashavuni mwa bibi, huitwa lichumba. Wanawake walichorwa pia tumboni na mapajani, na hiyo haikuwa ya kila jicho. Aliyevumilia kisu alionekana amekua. Na mchonga lipiko, kinyago kinachofunika kichwa cha mchezaji wa ngoma, aliweka nembo usoni mwa kinyago kwa nta ya nyuki, kwa sababu uso usio na nembo ulikuwa uso wa nani?

Sasa lile lililomponyoka Livingstone, ambalo mtu wa huku hulinyonya na maziwa. Kama nembo ilimfuata baba, ukoo haukumfuata. Makonde, Makua, Yao, Mwera: sisi wa Masasi na Newala tulihesabu ukoo kwa mama. Kwa Wamakonde ukoo ni litawa, kwa Wamakua ni nihimo. Mtoto ni wa litawa ya mama yake. Mwenye sauti juu yake ni mjomba, na ndani ya litawa hamuoani hata kama hakuna anayekumbuka mlivyounganika. Litawa haina rangi, haina mchoro, haivaliwi. Inabebwa mdomoni. Wageni wawili wakikutana kisimani na kila mmoja akataja ya kwake, papo hapo wanajua wao ni ndugu, watani, au watu wanaoweza kuposana. Mskoti hurithi jina kwa baba na tartani hufuata jina. Mwili wa Mmakonde ulibeba vyote viwili kwa njia mbili: kilichoonekana kilitoka kwa baba na watu wa mahali pake, na kisichoonekana, ambacho ndicho kilichoamua unamrithi nani na unamuoa nani, kilitoka kwa mama.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Wamakonde walikuwa na tartani za koo, nitasema hapana. Walikuwa na kitu kilichofanana na alichokieleza Martin Martin: mchoro wa mahali na wa mkono wa fundi. Ukoo haukuhitaji mchoro kwa sababu ulikuwa na mama.

Nguo, kwa upande wake, ilikuja huku kama fedha. Kabla yake kulikuwa na nguo za magome, na Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka Masasi na Newala mwaka 1906 na kuandika kitabu kikubwa juu ya safari hiyo, alionyeshwa na wazee jinsi gome linavyopondwa likawa laini, lakini wakati huo ilikuwa kazi ya kumbukumbu. Nguo ya kweli ilitoka pwani: merikani nyeupe isiyotiwa dawa, iliyopata jina lake kwa Marekani ilikofumwa, na kaniki iliyozamishwa kwenye nili. Hongo ililipwa kwa nguo. Mahari kwa nguo. Hamali alilipwa kwa nguo, na watu waliuzwa kwa nguo.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar kupitia Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia yake ikiwa kuwarudisha karibu na Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Safari ikaishia Masasi, chini ya yale majabali, na hapo wakajenga. Fikiri hali yao: walichukuliwa wakiwa watoto, wengine hawakukumbuka litawa wala nihimo, na kama walikuwa na nembo usoni ilikuwa ya watu waliokuwa mbali. Walivaa merikani. Huko pwani kaniki na merikani zilikuwa nguo za watumwa, na wanawake waliopata uhuru Zanzibar, hasa baada ya utumwa kufutwa mwaka 1897, walizitupa wakakimbilia kanga za rangi. Mtu aliyeamua rangi ya nguo yake mwenyewe alikuwa ametangaza kwamba hana bwana.

Kuhusu nguo za watumwa, Uskoti na sisi tumekutana mahali pabaya. Karibu na mji wa Stirling kulikuwa na kiwanda cha familia ya Wilson, huko Bannockburn, ambacho baada ya marufuku kuondolewa kilikuwa mfumaji mkuu wa tartani. Mwanzoni michoro yake mingi ilijulikana kwa namba. Baadaye ikapewa majina ya miji, kisha ya koo, kwa sababu wateja walipenda hivyo. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper alieleza habari ya tartani ya Macpherson: kabla haijaitwa hivyo iliitwa Kidd, kwa jina la mteja aliyeinunua kwa wingi kuwavika watumwa wake wa visiwa vya Karibi, na kabla ya Kidd ilikuwa namba 155. Watu wetu waliong'olewa ufukweni mwa Afrika walivishwa mashambani drafti ambazo kesho yake zilikuwa fahari ya ukoo wa Kiskoti. Kila nikiifikiria habari hii naiweka chini kalamu kwa muda.

Mengine yalikwenda haraka. Mwaka 1815 chama cha Waskoti wa London kiliwaandikia wakuu wa koo walete vipande vya tartani zao vihifadhiwe. Baadhi yao hawakuijua ya kwao, wakauliza wazee au wakamuuliza Wilson. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akiwa ndiye mpanga sherehe, na kila mkubwa akataka kuonekana na tartani ya jina lake. Mwaka 1842 ndugu wawili, waliojiita wajukuu wa yule mwana mfalme wa Culloden, walichapisha kitabu kikubwa chenye michoro 75, wakidai wameitoa kwenye hati ya kale. Hati hiyo haikuwahi kuonyeshwa kwa wataalamu. Lakini michoro mingi ya kitabu kile inavaliwa hadi leo.

Aina zikazaana. Tartani ya ukoo ya kila siku; ya kuwindia, yenye kijani na kahawia; ya sherehe, iliyotiwa nyeupe; ya msiba; ya wilaya, ambayo yeyote anayeishi pale huivaa; ya kikosi; ya kampuni. Tena hesabu moja ya nyuzi huweza kutiwa rangi kali za dawa za kisasa, rangi zilizopauka kuigiza mimea ya zamani, au rangi zilizofifia kama nguo iliyolala udongoni. Tangu mwaka 2009 serikali ya Uskoti ina daftari rasmi, lililoanzishwa kwa sheria ya Bunge lake ya 2008, ambamo mtu yeyote duniani anaweza kusajili mchoro mpya akitimiza masharti. Na wanasajili.

Trevor-Roper aliyaandika yake kwenye kitabu cha mwaka 1983 kuhusu mila zilizobuniwa. Wahariri walikuwa wawili, Eric Hobsbawm na Terence Ranger, na wasomi wengi wanaokitaja hawajui kwamba Ranger alizijua barabara zetu. Alifukuzwa Rhodesia mwaka 1963 kwa kuwaunga mkono wazalendo, akaja kufundisha historia Dar es Salaam chuo kikiwa kichanga. Mwaka 1972, kwenye kitabu alichohariri pamoja na Isaria Kimambo, alitoa utafiti wake juu ya Masasi: jinsi Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926, alivyolichukua jando la Wayao na Wamakua akaliweka ndani ya kanisa. Wavulana walikwenda porini vilevile, wakatahiriwa, wakafundwa, wakatoka na majina mapya. Sala zikashika nafasi ya matambiko. Wapo wakristo wa Masasi ambao kwao hilo ndilo jando la mababu, na babu zao kweli walitahiriwa hivyo.

Mwaka 1993 Ranger alirudi kwenye jambo hilo na kusema neno "kubuni" halimridhishi tena. Linamfanya msomaji afikiri kwamba mtu mmoja alikaa siku moja akatunga, na wengine wakameza. Ninakubaliana naye kwa moyo wote, na ndiyo furaha niliyoahidi kuieleza. Forsyth alituma mstari wa njano. Hakuweza kuufanya uwe wa Gordon. Waliofanya hivyo ni vijana waliouvaa wakaenda vitani, na mama zao waliopokea nguo bila mwenyewe. Vivyo hivyo vinyago. Dar es Salaam miaka ya 1950, Samaki Likankoa alichonga shetani wa kwanza wa namna ile iliyopindapinda, mfanyabiashara Mohamed Peera akamtia moyo na kununua kazi yake. Na Roberto Yakobo Sangwani akaleta dimoongo, ule mnara wa watu wanaobebana tunaouita ujamaa. Mgeni akiambiwa ni ya juzi huhisi ametapeliwa. Mimi naona mpingo uleule, mkono uleule uliokuwa ukichonga mapiko, na wahamiaji walio mbali na kwao wakijitafutia nembo mpya baada ya ile ya usoni kuachwa. Maana iliachwa. Kuanzia miaka ya 1960 ni wachache waliowapeleka watoto kwa mpundi. Shule ziliwacheka, mijini waliitwa majina, na vyama vya ukombozi vilitaka watu wasiotambulika kwa kabila. Sura ya bibi yule mnadani ni kati ya kurasa za mwisho.

Leo ukitaka kuiona nembo Ndanda, Masasi au Newala, nenda kwenye ngoma au msiba, utazame kanga. Akina mama wa kikundi kimoja hununua doti za mchoro mmoja, na mbele ya ua unajua nani ni wa nani. Sare hudumu msimu mmoja au miwili, kisha huchaguliwa nyingine. Kanga yenyewe ni kijana: ilizaliwa pwani karne ya 19, maandishi yakaja baadaye. Lakini hakuna harusi ya kwetu inayosimama bila pindo, mji na jina.

Bibi alikuwa amejifunga moja siku ile, nyekundu na nyeusi, mji wake umejaa korosho. Mchoro huo unajulikana na kila mvaa kanga, na juu huko Newala, ambako korosho ndiyo ada ya shule na bati la nyumba, unapendwa zaidi. Ulianzia Uajemi na Kashmir, kwenye shali za sufu laini zilizonunuliwa na matajiri wa Ulaya. Mji wa Paisley, si mbali na Blantyre alikozaliwa Livingstone, ulifuma mashali ya kuigiza kwa wingi mno hata Waingereza wakauita mchoro kwa jina la mji huo. Meli zikauleta Bahari ya Hindi kwenye vitambaa vya kuchapwa, na wanawake wetu walipouona hawakuona Kashmir wala Paisley. Waliona korosho, tunda ambalo nalo lilivuka bahari kutoka Brazili kwa mkono wa Wareno. Nembo inayovaliwa zaidi na wanawake wa Newala ina jina moja Uskoti na jina lingine kwetu, na majina yote mawili ni ya wenyeji.

Sikumweleza bibi haya yote. Mnada haungojei mtu. Alimuuliza kijana bei, wakavutana, kijana akashusha. Aliipima sketi kwa shubiri tangu kiunoni hadi pindoni, akahesabu kwa sauti ya chini.

"Mjukuu wangu anasoma Newala," akaniambia. "Mwezi wa sita kule juu kuna baridi, we acha."

Akavua kanga moja ya doti yake, akaikunjia sketi ya Gordon ndani ya korosho, akaiweka kichwani na kwenda kutafuta gari la kupanda mlima.